Mbona sauti hukauka na koo haliumwi? Maswali kuhusu sauti, mwili na hisia

Nikisimama mbele ya watu, sauti inakauka ghafla. Kasoro iko wapi?

Mara nyingi haiko kooni. Sauti huanza na pumzi: hewa hupanda kutoka mapafuni, ikapita kati ya nyuzi mbili za sauti ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, nazo zikatetemeka. Mwanamume mzima anapozungumza, nyuzi hizo hutetemeka takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Mwanamke, kama mara 200. Sasa hofu ikiingia, mabega hupanda, taya hukaza, tumbo hujibana na pumzi huwa fupi. Nyuzi hukosa hewa ya kuziendesha, na shingo ndiyo inayobebeshwa kazi yote.

Tena zoloto lina kazi nyingine, ya kuziba njia ya hewa tunapomeza ili chakula kisiingie mapafuni. Misuli yake imezoea kufunga. Lile donge linalotukaba tunapozuia kilio ni kukaza huko huko.

Mafunzo ya sauti yanayogusa mwili na hisia hufanywaje?

Huanzia sakafuni. Unalala chali, magoti juu, kiganja tumboni, unasubiri mpaka kiganja kianze kupanda na kushuka chenyewe. Usiivute pumzi kwa nguvu. Kisha unashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, ukiiachia sauti itoke nayo: "haaa". Baadaye unafumba midomo na kuguna taratibu, mkono kifuani, ukisikilizia mtetemo kwenye mifupa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la mrija. Chovya mrija kidogo tu kwenye glasi ya maji, uutie mdomoni, utoe sauti ya "uuu" kupitia humo. Viputo vikitoka kwa mfululizo, pumzi yako imetulia; vikikatika katika, umekaza mahali. Maji huirudisha hewa nyuma kidogo, na msukumo huo huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu.

Nililia katikati ya zoezi. Ni kawaida?

Ndiyo, wala usione aibu. Aliyezoea kumeza kilio au hasira hukaza taya na tumbo kwa miaka, na siku vinapolegea, machozi yanaweza kuja. Mwalimu mzuri hukuacha ulie na hakuchokonoi. Kama kuna jeraha zito nyuma ya machozi hayo, hilo ni la mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili, na mwalimu anapaswa kukwambia wazi.

Mawazo haya ni mapya?

Hapana. F. M. Alexander, mwigizaji aliyezaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869, alikuwa akipwelewa na sauti kila alipoigiza. Alijitazama kwenye kioo, akagundua kwamba kila anapoanza kusema anarudisha kichwa nyuma, anakandamiza zoloto na kuvuta hewa kwa pupa. Alianza kurekebisha kichwa na shingo kabla ya kugusa sauti yenyewe.

Nikinong'ona, sauti inapumzika?

Si lazima. Wengi hubana zoloto wanaponong'ona. Heri unyamaze, au useme kwa sauti ya chini iliyolegea. Kujikohoza kila mara nako huzigonganisha nyuzi, meza mate.

Na maji?

Kunywa mapema. Maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti, maana yangepita hapo ungepaliwa. Huzifikia baada ya kuingia mwilini, kwa hiyo funda moja dakika ya mwisho hulowesha kinywa tu.

Nimwone daktari lini?

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, hata kama huna maumivu, hasa ukiwa mvutaji sigara. Usingoje hata siku moja ukikohoa damu, ukishindwa kupumua au kumeza vizuri, au ukiona uvimbe shingoni. Daktari wa masikio, pua na koo huweza kuzitazama nyuzi kwa kamera ndogo. Mwalimu wa sauti hana jicho hilo, na mazoezi yake yasubiri mpaka daktari aseme.