Mzazi Naye Ana la Kufundisha

Wapo wazazi Mombasa ambao lango la shule wanalijua kwa mambo mawili tu: kuandikisha mtoto, na kuitwa mtoto akishakosa. Si kwamba hawajali. Wengi waliacha masomo mapema, na ile hofu ya kupewa karatasi mbele za watu wakaambiwa "soma hapa" haijawatoka mpaka leo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta kuwa karibu watu wazima 4 kati ya 10 nchini Kenya hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Watoto wa waliohesabiwa siku hizo ndio wazazi wa leo, na baadhi yao wamerithi hofu ile ile.

Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoingia madarasani mwaka 2019, kazi nyingi zikaanza kumfuata mtoto nyumbani, na mzazi akatakiwa awe mshirika. Kwa mzazi niliyemtaja, kazi hiyo ni mtihani wake yeye. Hukimbilia saiba, duka la kompyuta na intaneti, akachapishiwa picha, akalipa, yakaisha. Pesa zimetoka, na mtoto ameondoka na funzo moja: kwetu hakuna ajuaye.

Ipo njia nyingine: miradi ya familia kujifunza pamoja, mzazi na mtoto kwenye kazi moja, nayo huanzia kwenye lile ambalo mzazi analijua tayari. Chukua ukili. Likoni na Kisauni bado utawakuta akina nyanya wanaosuka ukili wa mikeka, vidole vikienda vyenyewe huku wakizungumza. Mpe mjukuu wa gredi ya nne rula na daftari, mkalishe hapo. Shibiri ya nyanya, toka ncha ya gumba hadi ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa wazi, inatoka sentimita 20, yake yeye 15. Mbona si sawa? Shibiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima, na pima ya ami yake mvuvi inaipita ya nyanya kwa mbali. Nyanya anacheka: ndiyo maana mnunuzi mjanja huja na mtu mrefu wa kumpimia! Hapo mtoto amefahamu kwa nini dunia ikahitaji mita, na amefahamishwa na mtu ambaye shule ilikuwa haimhesabu kuwa mwalimu.

Kisha nyanya anasimulia, mtoto anaandika. Siku ya pili anamsomea, huku wote wawili wakifuata mstari kwa kidole. Walimu wa elimu ya watu wazima wanaijua mbinu hii ya kuanzia na maneno ya mwanafunzi mwenyewe: mtu mzima hutambua haraka zaidi sentensi aliyoitamka jana kuliko ile ya kitabuni inayosema juu ya mambo asiyoyajua. Nimeona mama akisahihisha jina la mti wa ukili. "Sikusema mkoma, nimesema mkindu." Akaiweka karatasi karibu na macho, akalitafuta neno mwenyewe.

Mombasa si wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa hapa waliomba msaada wa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, ili watoto wao wapate msingi mzuri wa shule bila kuipoteza dini. Zikazaliwa shule za awali za madrasa, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walioziasisi. Walimu walitoka mtaani, vifaa vikatoka pwani: vifuu, makombe, kokwa. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa maoni yangu nguvu yake ilikuwa pale ambapo wazazi walikaa kwenye kamati na kuziona shule zile kuwa zao.

Sasa ya utekelezaji, kwa mnaotaka kuanzisha mradi kama huu. Chagueni kazi moja yenye mwisho unaoonekana: mkeka, kijitabu cha mapishi, bustani ya mboga kwenye magunia, ramani ya mtaa inayoonyesha maji yanakotuama wakati wa masika. Saa moja na nusu kwa wiki inatosha. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wako chuoni wakisoma Kurani, na mama muuza mahamri ameamka kabla ya alfajiri, basi baada ya alasiri ndio wakati. Mwezi wa Ramadhani upumzisheni.

Akina baba ni shida, tusifichane. Tangazo likisema "mkutano wa wazazi", wao husoma "mkutano wa akina mama". Baba mwite kwa jina na kwa kazi: njoo Jumanne na nyavu zako, watoto wanataka kujua unavyopima matundu. Huja. Asiyeweza kwa sababu ya zamu ya bandarini arekodi sauti kwenye simu, mtoto aandike.

Fulana na bango vinaweza kungoja. Msimpige mtu picha akihangaika na herufi, wala msimsomeshe mbele ya wageni. Na akitokea mzazi ambaye huzuni yake haiishi, hali chakula, hapati usingizi, huyo aende kituo cha afya, na mmoja wenu amsindikize.

Ukumbi hauhitajiki, baraza ya nyumba inatosha. Anayetaka kuanza amwendee mwalimu mkuu wa shule ya jirani au afisa wa elimu ya watu wazima katika kaunti ndogo yake, akiwa tayari na familia tano au sita na kazi waliyokwisha kukubaliana.