Kabla hujaifuta akaunti ya aliyeondoka

Nikiletewa ombi la "futa akaunti ya fulani, leo ndiyo siku yake ya mwisho", siku hiyo siifuti. Kufuta ni kazi ya mwisho kabisa, ila kwa kuwa kwenye PowerShell, programu ya kuendesha mifumo kwa amri za kuandika, ni amri ya mstari mmoja, wengi wetu wasimamizi wa mifumo huanza nayo. Hapo ndipo barua za miaka mingi zinapopotea.

Siku ya kwanza kinachotakiwa ni kufunga mlango. Natumia Microsoft 365, huduma ya wingu ya Microsoft yenye barua pepe na akaunti za wafanyakazi, kwa hiyo naanza hivi:

Update-MgUser -UserId $id -AccountEnabled:$false
Revoke-MgUserSignInSession -UserId $id

Amri ya kwanza inamzuia mtu asiingie upya, lakini haimtoi aliyekwisha kuingia. Simu iliyofunguliwa asubuhi bado ina tokeni yake, yaani kibali cha kidijitali kinachoonyesha kwamba mtu amekwisha kuingia. Amri ya pili inabatilisha zile tokeni zinazorefusha kikao. Hata baada ya hapo, tokeni ya ufikiaji iliyokwisha kutolewa inaweza kuendelea kukubaliwa kwa muda wa saa 1 hivi. Ndiyo maana nawaomba watu wa rasilimali watu wanijulishe kabla mhusika hajakabidhiwa barua yake, wasisubiri mpaka awe ametoka getini.

Sanduku lake la barua nalo linahitaji uamuzi, na uamuzi huo si wangu peke yangu. Kama kuna atakayeendelea kujibu wateja wake, naligeuza kuwa sanduku la pamoja, ambalo watu kadhaa wanaweza kulitumia:

Set-Mailbox -Identity $id -Type Shared

Likiwa chini ya GB 50, kwa kawaida halihitaji leseni, kwa hiyo leseni yake unaweza kumpa mtu mwingine. Lakini shika hili: akaunti ya mwenye sanduku usiifute. Sanduku la pamoja bado limefungamana na akaunti hiyo, na ukiifuta, sanduku nalo linakwenda. Nimeona wasimamizi makini kabisa wakifanya usafi wa "akaunti zilizozuiwa" mwisho wa mwaka, wakayafuta masanduku ambayo idara nzima ilikuwa inayategemea.

Kama barua zinatakiwa kwa sababu za kisheria, zuio la kuhifadhi, yaani agizo kwa mfumo kwamba barua hizo zisifutwe, liwekwe kabla ya kufuta. Akaunti ikifutwa baada ya hapo, sanduku linabaki kama sanduku lisilo hai, na utaliona kwa Get-Mailbox -InactiveMailboxOnly.

Kuna jambo dogo ambalo karibu kila mtu hulisahau, nalo ni kalenda. Mikutano ya kujirudia aliyoiitisha mtu huyo itaendelea kukaa kwenye kalenda za wenzake wote, na akishaondolewa hakuna mwandaaji wa kuifuta. Sanduku likiwa bado lipo, nakagua kwanza kwa kigezo (nyongeza ya amri) cha -PreviewOnly, kinachoonyesha tu bila kufuta, kisha naendesha:

Remove-CalendarEvents -Identity $id -CancelOrganizedMeetings -QueryWindowInDays 365

Sasa tuje kwenye kufuta kwenyewe. Watu wengi hudhani Remove-Mailbox inaondoa sanduku tu. Kwenye wingu, inafuta na akaunti ya mtumiaji. Na akaunti zinazotoka kwenye Active Directory ya ndani, yaani orodha ya watumiaji iliyo kwenye seva za kampuni yenyewe, zifutiwe kulekule zilikozaliwa, kisha usubiri ulandanishi wa orodha hiyo na wingu, ambao kwa kawaida hupita kila dakika 30.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni kigezo kitupu. Kwa mwajiri mmoja wa zamani nilipewa faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, la watu 14 waliomaliza mkataba. Skripti yangu, yaani faili la amri, ilikuwa inasoma safu iitwayo Barua, na moyoni mwake kulikuwa na mstari huu:

Get-Mailbox -Identity $_.Barua | Remove-Mailbox -WhatIf

Aliyeandaa faili alikuwa amebadilisha kichwa cha safu kuwa BaruaPepe. PowerShell haikulalamika, $_.Barua ikawa $null tu, yaani tupu. Na Get-Mailbox ikipewa $null haisemi "hakuna mtu huyo". Inarudisha masanduku yote, kana kwamba hukutaja jina. Nilitarajia mistari 14, skrini ikaanza kumwaga majina ya watu waliokuwa wameketi ofisini wakifanya kazi, jina la mkurugenzi likiwa miongoni mwao. Kilichotuokoa ni neno moja, -WhatIf, linaloonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Badala yake kungekuwa na -Confirm:$false, lile tunalolipachika ili skripti isisumbue kwa maswali, ile ingekuwa siku ya kurejesha kampuni nzima.

Tangu hapo siunganishi Get na Remove kwa bomba, ile alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine. Nakusanya kwanza kwenye kibadilika, yaani jina linalobeba thamani, nahesabu, nalinganisha na idadi niliyopewa. Kila thamani naipima kwa [string]::IsNullOrWhiteSpace(), na ikiwa tupu skripti inasimama palepale. Majina ya kuonyeshwa siyatumii kabisa, maana Asha Juma wanaweza kuwa wawili. Natumia jina la kuingilia au kitambulisho cha akaunti.

Ukikosea licha ya yote, una siku 30. Akaunti iliyofutwa kwa Remove-MgUser inakaa kwenye pipa, na Restore-MgDirectoryDeletedItem inairudisha pamoja na sanduku lake. Masanduku yanayongojea utayaona kwa Get-Mailbox -SoftDeletedMailbox. Yatambue kwa ExchangeGuid, namba ya kipekee ya kila sanduku, kwa sababu mtu aliyeajiriwa, akaondoka, kisha akarudi anaweza kuwa na masanduku mawili yenye anwani ileile.

Kigezo cha -PermanentlyDelete kinaondoa hata hizo siku 30. Mimi sikitumii bila ombi la maandishi lenye jina la aliyeliidhinisha, na hata nikiwa nalo, amri hiyo naiandika kwa mkono, sanduku moja baada ya jingine.