Ziara ya maeneo ya tamthilia: maana yake na jinsi inavyopangwa

Ziara ya maeneo ya tamthilia ni safari inayomfikisha mtazamaji pale alipokuwa akipaona kwenye televisheni tu: nyumba walimoishi wahusika, stesheni walipoagana, ufuko walipogombania mashua. Ni aina ya utalii, lakini haifanani na kwenda mbugani au kwenye magofu, kwa kuwa kinachomvuta mgeni ni tukio ambalo halikutokea kamwe. Anayefika Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 anafuata historia, na akisimama pale amesimama penyewe. Anayetafuta mlango uliobamizwa na mwigizaji anafuata hadithi ya kutungwa, na mlango huo unaweza kuwa mkoa mwingine, nchi nyingine, au umekwishabomolewa na mbao zake kutumika kwingine.

Hapo ndipo ugumu wa kupanga ziara hizi ulipo. Mahali pamoja pa kwenye tamthilia huwa na makao zaidi ya moja. Kuna mahali panapotajwa na hadithi, kuna lokesheni ambako kamera ilisimama kweli, na kuna studio ambako vyumba vya ndani vilijengwa kwa mbao na rangi. Mfano ulio wazi ni Downton Abbey, tamthilia ya Uingereza iliyorushwa kati ya mwaka 2010 na 2015. Hadithi inasema jumba liko Yorkshire, kaskazini mwa nchi, ilhali jumba lenyewe ni Highclere Castle, lililoko Hampshire kusini. Mitaa ya kijiji ilirekodiwa Bampton, Oxfordshire, na jikoni pamoja na vyumba vya watumishi vilijengwa ndani ya Ealing Studios, London. Kwa hiyo mpishi anayepanda ngazi kutoka jikoni kwenda sebuleni anavuka, kwa mkato mmoja wa picha, kutoka London hadi Hampshire. Mgeni aliyekata tiketi ya kwenda Yorkshire kwa sababu tu aliisikia ikitajwa atakuwa ametoa nauli ya bure. Tamthilia ya Marekani Game of Thrones nayo iliuonyesha mji mkuu mmoja wa kubuni kwa kutumia Malta katika msimu wa kwanza, kisha ikahamia Dubrovnik, Kroatia, na watazamaji wengi hawakugundua kitu.

Sisi wa Kigoma tunao mfano wa karibu zaidi, ingawa ni wa filamu. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916; iliibuliwa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Mara nyingi husimuliwa kwamba ndiyo meli ya filamu ya The African Queen. Kisa cha Waingereza na Wajerumani kupigana ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kinahusishwa kwa haki na chimbuko la hadithi hiyo, lakini picha za filamu, iliyotoka mwaka 1951, zilipigwa Uganda, Kongo na studio za London, wala Liemba haikuigiza. Mwongoza watalii anaweza kabisa kumpeleka mgeni gatini na kumweleza kwamba mzizi wa hadithi uko hapa. Akimwambia kwamba mwigizaji fulani alisimama kwenye sitaha ile, anamdanganya. Kwa maoni yangu, mzizi wa hadithi unatosha kuuza ziara.

Basi kazi ya mpangaji huanzia mbele ya skrini. Hutazama tamthilia upya akiwa na daftari, husimamisha picha, hutafuta vitu visivyohama: mstari wa kilima, umbo la paa, mbuyu, nguzo ya gati. Husoma maandishi ya mwisho wa kila sehemu, ambako watayarishaji huwashukuru wenye nyumba, halmashauri na wamiliki wa viwanja. Kila onyesho hulipatia mahali pa hakika au hulifuta kwenye orodha, na maonyesho ya ndani ndiyo yanayofutwa zaidi.

Tuchukulie sasa kwamba kuna tamthilia iliyorekodiwa Kigoma mjini, yenye maonyesho ya stesheni ya reli, ya mwalo wa Kibirizi na ya mitaa ya Ujiji. Anayepanga kwa kufuata mfuatano wa hadithi atamzungusha mgeni kutwa nzima, kwa maana Kibirizi iko kaskazini ya mji na Ujiji iko kusini mashariki, na stesheni iko katikati yake. Njia hupangwa kwa jiografia, kisha mwongozaji husimulia hadithi kwa kurukaruka. Saa nazo zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kigoma inatazama magharibi, jua huzama ng'ambo ya ziwa juu ya milima ya Kongo, hivyo onyesho la machweo lililopigwa ufukweni halitambuliki saa tatu asubuhi: maji ni meupe, milima ya ng'ambo imefifia, na wanawake wanaoanika dagaa wametandaza kazi yao palepale wahusika walipokuwa wakilia. Mwongozaji makini huweka picha za skrini kwenye simu mapema, bila kutegemea mtandao, na humsogeza mgeni hatua mbili kushoto, moja nyuma, hadi paa na kilima vikae kama vilivyokaa kwenye picha. Dakika hiyo ndiyo aliyoilipia.

Wanaoishi kwenye maeneo hayo husahaulika kuliko jambo lolote. Mjini Albuquerque, Marekani, familia ambayo nyumba yao ilionekana kwenye tamthilia ya Breaking Bad ilichoshwa na mashabiki waliorusha piza juu ya paa kuiga onyesho moja, na mwaka 2017 ikazungusha uzio. Mwaka huohuo, huko Ireland ya Kaskazini, magari yalipigwa marufuku kwenye barabara ya Dark Hedges, yenye miti iliyoonekana kwa muda mfupi tu katika Game of Thrones. Kwetu mazungumzo yaanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, yaende kwa mwenye nyumba, yataje idadi ya wageni, saa za kuja na fungu la mwenye nyumba katika malipo. Waanika dagaa nao waulizwe kabla kamera haijaelekezwa kwao, kwani hawakuajiriwa na tamthilia yoyote. Ruhusa ya kupiga picha stesheni na bandarini iombwe kwa uongozi siku kadhaa kabla; mgeni asije akaelezwa masharti na mlinzi wa getini huku treni ikiondoka.