Aliyetulia na mume mmoja naye apimwe

Miongoni mwa wanawake wa Uingereza wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh, bado ipo imani ya siku nyingi kwamba kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ni cha wanawake wasiotulia. Aliyeolewa na kumjua mume mmoja tu, ya nini kupimwa? Na akionekana kliniki, watu watasemaje?

Karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi huvipata wakati fulani maishani. Mwenza mmoja anatosha. Mume anaweza kuwa alivipata kabla ya ndoa asijue, kwani kwa kawaida havina dalili na huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Kwa hiyo, majibu yakionyesha HPV, hayathibitishi usaliti wa mtu yeyote. Hili nalisisitiza, maana ndilo linalotia hofu kuliko kipimo chenyewe.

Suala la stara nalo ni la haki kabisa. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike, mkalimani asiye ndugu yake, hata kifaa kidogo zaidi cha kupanulia uke. Hujifunika shuka kuanzia kiunoni, brashi laini huchukua chembechembe za mlango wa kizazi, na dakika chache tu kazi imekwisha.

Mwaliko wa kupimwa hutumwa kwa walio na miaka 25 hadi 64, hata wasioumwa popote, kwa sababu mabadiliko ya mwanzo hutibika kabla hayajawa saratani.