Meli za kubeba ndege hazikuanza kutamba Pearl Harbor

Simulizi iliyozoeleka ni hii: hadi Desemba 7, 1941, manowari kubwa za mizinga ndizo zilizotawala bahari, kisha Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, na ghafla dunia ikagundua meli za kubeba ndege. Ukweli ni kwamba mwaka mzima kabla ya hapo, usiku wa Novemba 11, 1940, meli ya Uingereza ya kubeba ndege, HMS Illustrious, ilirusha ndege 21 kuishambulia bandari ya Taranto, Italia. Ndege zenyewe, Swordfish, zilishaonekana za kizamani hata wakati huo: mabawa mawili, moja juu ya jingine, yamewambwa kitambaa, na rubani amekaa wazi upepo ukimpiga usoni.

Shida ilikuwa kina cha maji. Torpido, yaani kombora linalosafiri majini, ikidondoshwa kutoka angani hupiga mbizi kwanza ndipo ijiinue, na bandarini ingekita matopeni. Waingereza wakaifunga waya puani, uliojikunjua kutoka kwenye ndege, ili pua isiinamie chini torpido inapogusa maji. Kulipokucha, manowari tatu za mizinga za Italia zilikuwa zimetobolewa, na Waingereza walikuwa wamepoteza ndege mbili. Ofisa wa Kijapani kutoka ubalozi wa Berlin alifunga safari hadi Taranto kujionea. Pearl Harbor nako maji si ya kina, na Wajapani walitatua tatizo hilohilo kwa mapezi ya mbao.

Wengine husema Prince of Wales na Repulse, manowari za Uingereza zilizozama karibu na Malaya siku tatu baada ya Pearl Harbor, zilizamishwa na ndege za melini. Sivyo. Ndege zile ziliruka kutoka viwanja vya nchi kavu, upande wa Saigon. Meli za Kijapani za kubeba ndege zilikuwa bado ziko Pasifiki, zikirudi kutoka Hawaii.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba vita hivi vilikuwa vya Pasifiki na pwani yetu haikuguswa. Aprili 1942, Admirali Nagumo wa Japani aliingia Bahari ya Hindi na meli tano za kubeba ndege. Aprili 5, Jumapili ya Pasaka, ndege zake zilishambulia Colombo, na siku hiyohiyo zikazizamisha manowari za Uingereza Cornwall na Dorsetshire baharini. Siku nne baadaye ikawa zamu ya HMS Hermes, meli ya Uingereza ya kubeba ndege ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja. Admirali Somerville wa Uingereza aliona wazi kwamba manowari zake kuukuu za mizinga zingegeuka kitoweo, akazipeleka Kilindini, Mombasa, na bandari hiyo ikawa makao ya kikosi chake. Wataalamu wa kufumbua siri za mawasiliano ya Kijapani nao wakahamishiwa Mombasa, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Hata Illustrious, ileile ya Taranto, ilitia nanga Kilindini mwaka huo baada ya kushambulia Diego Suarez, Madagaska.

Kuhusu mapigano ya Midway, kisiwa cha Pasifiki, Juni 4, 1942, husimuliwa kwamba sitaha za Wajapani zilikuwa zimejaa ndege zenye mabomu, tayari kuruka, Wamarekani wakazikuta dakika tano tu kabla. Inasisimua, lakini nyingi ya ndege hizo zilikuwa bado chini, kwenye karakana za ndani ya meli. Tena Wamarekani hawakubahatisha kufika hapo: walikuwa wamesoma siri za adui.

Na je, mizinga ilikufa papo hapo? Juni 1940, manowari za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau ziliizamisha HMS Glorious, meli ya kubeba ndege, kwa mizinga mitupu karibu na Norway. Usiku wa kuamkia Oktoba 25, 1944, katika mlango-bahari wa Surigao, Ufilipino, manowari za mizinga zilipambana zenyewe kwa zenyewe kwa mara ya mwisho. Mojawapo ya zilizoshinda ilikuwa West Virginia, iliyozama Pearl Harbor ikaibuliwa na kufanyiwa matengenezo. Missouri, ya Marekani pia, ilikuwa bado inafyatua mizinga yake katika Vita vya Ghuba mwaka 1991.