Mkaguzi wa Ndani Hashiki Ufunguo wa Geti

“Makontena yanatoka bila kulipiwa, na wakaguzi wa ndani mnao?” Swali hili nimelichoka.

Mkaguzi wa ndani hazuii lori wala hakusanyi tozo. Anapima kama vidhibiti, yaani taratibu za kuzuia wizi na makosa, vinafanya kazi, anaandika ripoti, anaikabidhi. Basi. Na wala yeye si CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: huyo katajwa kwenye Katiba, ibara ya 143, sisi tumeajiriwa humuhumu bandarini.

Desemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoibuka bandari ya Dar es Salaam na kutaja makontena zaidi ya 2,000 yaliyotolewa kinyume cha taratibu, swali likawa hilohilo. Wachache walisikia kwamba idadi hiyo aliitoa kwenye ripoti ya ukaguzi wa ndani ya bandari yenyewe, ya Julai mwaka huo. Ilikuwa imeshaandikwa! Waulizwe walioipokea.

Kazi yenyewe ni kulinganisha: manifesti ya meli (orodha ya mizigo yake), fedha zilizoingia benki, rekodi za geti. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hugoma. Hiyo ni rahisi. Kinachoninyima usingizi ni namba safi, pasi ya kutolea kontena getini ina mihuri yote, ila benki hakuna senti.

Halafu wapo wakuu wa idara wanaotaka nisaini hati za malipo kabla hazijalipwa, “ili tuwe salama”. Salama ya nani? Nikishasaini, kesho nitaikaguaje saini yangu mwenyewe?

Vitabu vinasema kikazi tunaripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na kiutawala kwa mkurugenzi mkuu. Maneno matamu. Lakini bajeti, gari na likizo yangu vinapita mezani kwa huyohuyo ninayemkagua. Kamati nakutana nayo kwa robo mwaka. Yeye tunapishana kwenye ngazi kila asubuhi. Uhuru huo, kwa kweli, una mashaka. Wengine wanataka wakaguzi wote tuwe chini ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani kule Hazina. Zamani niliunga mkono. Siku hizi nasita: mtu wa kuletwa atajuaje kwamba zamu ya usiku, mtandao ukikatika, ndiyo inayoandika pasi kwa mkono?