Ukurasa wa Na

Kitabu kilikuwa kinene kama kitabu cha simu cha zamani, kina jalada la plastiki, na kilinuka moshi wa sigara. Kilikuwa juu ya kaunta ya baa ndogo ya karaoke mjini Fukuoka, enzi za uanafunzi wangu. Baa za namna ile Wajapani huziita sunakku, na mwanamke anayeiendesha, awe na watoto au asiwe nao, wateja wote humwita Mama. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Nilipomwambia kwamba sijui nianze na wimbo gani, alikifungua kitabu karibu na katikati, pale ambapo kingo za kurasa zilikuwa zimeingia weusi wa vidole, akaweka kucha yake kwenye herufi moja, akasema: "Na."

Nikangoja. Sikio la Mswahili likisikia "na" linangoja kinachofuata. Kumbe alikuwa amemaliza.

Kwa wasiojua: Kijapani huandika silabi nzima kwa herufi moja, hakitenganishi konsonanti na vokali yake kama alfabeti yetu. Silabi hizo zina mpangilio wake, a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, na kuendelea. Safu ya na ni ya tano. Vitabu vya karaoke hupanga nyimbo kwa mpangilio huo, kwa hiyo majina yote yanayoanza na silabi moja hukaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Sisi Waswahili tuna bahati hapa, maana silabi zetu pia huishia kwenye vokali. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anasoma "Namida no Misao" bila kukwama, hata kama hajui kwamba namida ni machozi na misao ni uaminifu wa mke au mpenzi.

Nimefundisha Kijapani miaka mingi sasa, na bado nauona ukurasa ule kuwa mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia nyimbo za Kijapani. Sababu imo kwenye sarufi. Sisi husema "busu la machozi": kitu kwanza, sifa yake baadaye. Mjapani hugeuza. Husema namida no kissu, machozi yakatangulia na busu likafuata. Hako ka-no kadogo katikati ndiko kanafanya kazi ya -a yetu ya la, wa, ya, cha. Sasa fikiria kupanga nyimbo kwa alfabeti. Kwa Kiswahili, busu la machozi lingekwenda B, ombi la machozi O, uaminifu wa machozi U, na machozi yenyewe yasingeonekana kwenye orodha. Kwa Kijapani yote matatu yanakaa safu moja, machozi mbele. Silabi ya kwanza ya jina la wimbo mara nyingi hubeba hisia kabla hujajua jambo lenyewe ni nini.

Na hayo matatu ni nyimbo za kweli. "Namida no Misao" ya kundi la Tonosama Kings ilitoka mwishoni mwa 1973, na mwaka 1974 ikawa singo iliyouzwa kuliko zote Japani. "Namida no Rikuesuto," ombi la machozi, ni ya The Checkers, vijana wa Kurume, 1984. "Namida no Kissu" ni ya Southern All Stars, 1992. Ile ya 1984 naipenda kwa sababu inanirudisha nyumbani: mtu ana sarafu yake ya mwisho, anapiga simu kwa mtangazaji wa redio usiku wa manane ili msichana aliyemwacha apigiwe wimbo. Aliyewahi kujaza kadi ya salamu na kukaa karibu na redio akingoja jina lake lisomwe anamwelewa kijana huyo bila mkalimani.

Juu ya machozi, kwenye ukurasa huohuo, kuna Nagasaki. "Nagasaki wa Kyō mo Ame Datta," yaani leo tena Nagasaki mvua ilinyesha, ya Uchiyamada Hiroshi na Cool Five, 1969. Mtu anazunguka peke yake kwenye njia za mawe akimtafuta aliyempenda. Mama aliimba huo akiosha glasi, bila kutazama maneno kwenye skrini, na alipofika kwenye "ah" ile ndefu kabla ya jina la mji alifunga bomba ili maji yasimharibie.

Mistari michache chini yake ndipo ninapokaa zaidi. "Nagori Yuki" ilitungwa na Ise Shōzō, mzaliwa wa Tsukumi, mkoa wa Ōita. Kundi lake la Kaguyahime liliirekodi mwaka 1974, na mwaka uliofuata mwimbaji Iruka (jina lake maana yake ni pomboo) akaifanya ijulikane nchi nzima. Yuki ni theluji. Nagori ni neno ambalo limenihangaisha kulitafsiri. Kwa asili husemwa limetokana na nami-nokori, mabaki ya mawimbi: yale maji na mapovu yanayobaki mchangani bahari ikishakupwa. Baadaye likawa kile kinachobaki moyoni mtu akishaondoka. Mzaliwa wa pwani anaiona picha hiyo papo hapo. Kwenye wimbo, kijana amesimama stesheni na msichana anayeondoka Tokyo moja kwa moja, theluji ya mwisho wa msimu inaanguka na kuyeyuka, treni inakwenda. Siku hizi stesheni ya Tsukumi hupiga muziki wake treni zinapopita. Nimejaribu "theluji ya kuagana," nimejaribu "masalio ya theluji," na hakuna iliyonitosheleza.

Kuna jambo jingine hapo ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalikosa asipoambiwa. "Mimi" yetu haina jinsia. Kijapani kina mimi nyingi, na Iruka, mwanamke, anaimba kwa boku, mimi ya mwanamume. Tonosama Kings wanafanya kinyume: wanaume wazima wanaimba maneno ya mwanamke. Hakuna anayeshangaa. Wimbo ni wa anayeumia, na mwimbaji anamwazima sauti.

Kisha "Nada Sōsō." Nada ni namida kwa lugha ya Okinawa, na jina zima ni machozi yanayotiririka tele. Muziki ni wa kundi la Begin kutoka kisiwa cha Ishigaki. Maneno ni ya Moriyama Ryōko, aliyeelezwa maana ya jina hilo na kumwandikia kaka yake aliyefariki angali kijana. Natsukawa Rimi, naye wa Ishigaki, aliitoa 2001, na yake ndiyo wengi wanayoikumbuka. Machozi yamo kwenye jina mara hii pia, lakini kwa lugha ambayo Wajapani wengi wa bara hawaisemi.

Si vilio vitupu. Natsu ni majira ya joto: "Natsuiro" ya Yuzu, 1998, ni baiskeli iliyobeba wawili ikishuka mlima mrefu polepole. Na kuna "Namonaki Uta" ya Mr. Children, wimbo usio na jina, uliouza nakala zaidi ya milioni 1.2 wiki ya kwanza Februari 1996, rekodi iliyokaa miaka 15. Hapo "na" ni neno kamili, maana yake jina.

Kilichonifanya niache kuona haya yote kuwa bahati tu ni karata. Kuna mkusanyiko wa mashairi 100 ya washairi 100, unaohusishwa na Fujiwara no Teika, wa karne ya 13. Wajapani huucheza: msomaji anaanza shairi, wachezaji wanagombea kadi yenye nusu ya pili. Mashairi 8 huanza na na. Yanaanzaje? Usiku wa majira ya joto, natsu. Urefu na kudumu, naga, mara mbili. Kuomboleza, nageki mara moja na nageke mara moja. Jina, na. Na Naniwa, jina la kale la Osaka, mara mbili. Rudi kwenye kitabu cha Mama: natsu ipo, naga ipo kwenye "Nagai Aida" ya Kiroro, 1998, na Naniwa imo kwenye "Naniwa Koishigure" ya 1983. Machozi ndiyo hayafungui shairi lolote kati ya yale 8.

Mchezaji akisikia "na" hagusi kadi. Anangoja. Kwa mashairi mawili ya Naniwa, na, ni, wa zinafanana, na mpaka silabi ya nne isikike, ga au e, mkono unabaki hewani. Mashine za karaoke za leo zina skrini ya kugusa. Ukibonyeza na, orodha ni ndefu mno. Ukiongeza mi, inapungua. Ukiongeza da, yanabaki machozi peke yake.